Kupanga nyumba pembezoni mwa Dar: hatua kwa hatua, kabla hujatoa kodi ya miezi sita

Ujumbe unaonifikia kila mwisho wa mwezi unafanana. Mtu kapata nyumba nzuri Kibaha, au Chanika, au Kisarawe: vyumba viwili, tailizi, fensi, choo ndani, kodi nusu ya ile aliyokuwa analipa Sinza. Kalipa miezi sita. Wiki ya tatu ananiuliza kama mwenye nyumba anaweza kulazimishwa kurudisha hela. Mara nyingi jibu ni hapana, na huwa inaniuma kulitoa, kwa sababu kosa halikufanyika siku ya kulipa. Lilifanyika siku ya kwenda kuangalia. Alikwenda Jumapili mchana, jua linawaka, akiwa na dalali, akaangalia kuta.

Kwa mtu anayefanya kazi Posta, Kariakoo au Mikocheni na kwenda kulala nje ya jiji, kuta ni jambo la mwisho. La kwanza ni barabara. Kisha maji, umeme, na mwenye nyumba mwenyewe. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo huo, na nakuomba usiruke hatua hata kama mkataba wako wa zamani unaisha wiki ijayo.

## Vitu vya kuandaa kabla hujapanda gari

- Kitambulisho cha NIDA, au namba yake kama kadi haijatoka, pamoja na nakala mbili na picha ndogo mbili.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakoishi sasa. Ichukue mapema, maana ukishahama kurudi kuifuata ni usumbufu.
- Daftari na kalamu. Simu huzima chaji ukiwa ndani ndani huko.
- Chaja ya simu ya kujaribia soketi, na taa ya LED moja ya kujaribia holda.
- Chupa tupu ya maji na kipande cha sabuni ya mche. Utaona kazi yake hatua ya tano.
- Mtu mzima mmoja wa kuwa shahidi wako siku ya kusaini.
- Hela, lakini si yote. Siku za kuangalia beba nauli na ya kununulia umeme kidogo tu. Hela ya kodi ibaki benki au kwenye simu mpaka hatua ya nane.

Kuhusu hela yenyewe, usihesabu kodi peke yake. Hesabu kodi ya miezi utakayotakiwa kulipa, udalali ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, kirikuu au Fuso ya kuhamisha mizigo, na nauli ya mwezi mzima wa kwanza. Asiye na hiyo nauli ya mwezi wa kwanza ndiye ninayemwona amekopa tarehe 12.

## Hatua ya 1: Jumlisha kodi na nauli, usizitenganishe

Chukua karatasi uandike mfano huu, kisha weka namba zako mwenyewe.

Nyumba A iko kilomita mbili kutoka lami, kodi 150,000 kwa mwezi. Kutoka nyumbani hadi lami ni bodaboda ya 1,500, halafu magari mawili ya jumla ya 1,500. Kila upande ni 3,000, kwa siku 6,000, kwa siku 22 za kazi 132,000. Jumla ya mwezi ni 282,000.

Nyumba B iko dakika saba kwa miguu kutoka lami, kodi 200,000. Hakuna boda. Nauli kwa siku ni 3,000, kwa mwezi 66,000. Jumla 266,000.

Ile ya bei rahisi ndiyo ghali. Na hapo sijaweka mvua, ambapo boda ya 1,500 hugeuka 2,500 au 3,000, wala mke na mtoto wa shule ambao nao wanapanda. Nimefanya hesabu hii na watu wengi na karibu kila mara kilometa ya mwisho, ile ya vumbi, ndiyo inayokula akiba yote ya kodi.

Umefanikiwa ukiwa na kiwango kimoja cha juu cha mwezi, kodi na nauli pamoja, na hukivuki hata ukionyeshwa jiko la marumaru.

## Hatua ya 2: Chagua njia kwanza, mtaa baadaye

Dar ina njia chache kubwa za kutoka, na kila moja ina tabia yake.

Barabara ya Morogoro inakupeleka Kibamba, Kiluvya, Kibaha na Mlandizi. Kipande cha Kimara hadi Kibaha kimepanuliwa, stendi ya Magufuli iko Mbezi, na mwendokasi unaupata Kimara. Ndiyo njia yenye machaguo mengi. Ugumu wake ni kubadilisha magari: Kibaha hadi Mbezi, Mbezi hadi Kimara, kisha foleni ya mwendokasi.

Barabara ya Nyerere inakupeleka Gongo la Mboto, Pugu, kisha inagawanyika kwenda Chanika au Kisarawe. Pugu kuna treni ya mjini siku za kazi, asubuhi na jioni. Ukiweza kutembea hadi stesheni, nyumba hiyo ina thamani kuliko inavyoonekana.

Barabara ya Kilwa ni Mbagala, Kongowe, Vikindu na Mkuranga. Barabara ya Bagamoyo ni Bunju, Mapinga, Kerege hadi Bagamoyo yenyewe. Kigamboni ina pantoni ya Magogoni na Daraja la Nyerere, na anayefanya kazi Posta akipanga mbali na pantoni anajiongezea gari la pili kila siku.

Kanuni yangu ni hii: ofisi yako ikiwa Mikocheni, usiende Chanika kwa sababu ya kodi. Utakuwa unakatiza jiji zima kila asubuhi. Panga kwenye njia inayoelekea moja kwa moja kazini.

Tahadhari moja. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, madalali wa Soga na Ruvu hupandisha bei kwa maneno "karibu na stesheni". Kabla ya kulipia ukaribu huo, kaa na ratiba uone kama kuna treni inayosimama hapo na kukufikisha mjini kabla ya saa yako ya kuingia kazini, na nyingine ya kukurudisha jioni. Kama haipo, stesheni hiyo ni mandhari tu kwako.

## Hatua ya 3: Ishi safari hiyo siku moja ya kazi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wote wanaoniandikia. Hakuna nyingine inayookoa hela nyingi kama hii.

Chagua Jumatatu. Kama una ndugu au rafiki huko, lala kwake Jumapili. Kama huna, ondoka mjini na gari la kwanza kabisa ili saa kumi na moja alfajiri uwe umesimama mahali barabara ya vumbi ya mtaa ule inapokutana na lami. Kisha nenda kazini kama vile tayari unaishi pale.

Mimi nilifanya hivyo Kibaha nilipokuwa natafuta nyumba yangu ya pili. Ya kwanza niliipanga kama mnavyopanga ninyi, kwa macho, na ilinitesa mwaka mzima. Saa kumi na moja na robo nilikuwa njia panda. Giza bado, umande, madereva boda wanne na makoti yao wamekaa juu ya pikipiki bila kuzungumza, mama mmoja anachoma vitumbua na tochi kaibana kwapani. Gari la kwanza lilipita limejaa. La pili likapita limejaa. La tatu lilisimama, likachukua watu watatu kati ya kama ishirini tuliokuwa pale. Nikamwuliza yule mama, "Shikamoo mama, huwa ni hivi kila siku?" Akanijibu, "Marahaba. Leo afadhali, mwanangu. Wenyewe wanaopajua wanarudi nyuma kituo kimoja wanapandia kule, gari likiwa tupu." Neno hilo moja lilinifanya nihamishe utafutaji wangu kituo kimoja nyuma, na mpaka leo nakaa kwenye kiti.

Andika mambo haya kwenye daftari:

- Saa uliyofika kituoni, saa uliyopanda, saa uliyofika kazini. Siyo makadirio ya dalali, saa yenyewe.
- Magari mangapi yamekupita yakiwa yamejaa.
- Nauli halisi ya kila kipande, pamoja na boda.
- Jioni: toka kazini muda wako wa kawaida na urudi kule. Foleni ya kurudi ni nyingine kabisa na ya asubuhi.
- Usiku: waulize boda wa kijiwe cha pale wanalala saa ngapi. Vijiwe vingine saa tatu usiku havina mtu. Ukichelewa kazini utatembea, na uangalie kama njia hiyo ina taa na nyumba zenye watu, au ni pori na mashamba ya mihogo.

Kisha uliza kuhusu mvua, na usimwulize dalali. Muulize muuza genge: "Masika gari linafika hapa?" Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo ni karibu nusu ya mwaka. Ukiona mchanga mwepesi, boda itateleza kidogo tu. Ukiona udongo wa mfinyanzi, ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, jua kwamba mvua ikinyesha siku mbili hata boda haingii. Tafuta pia alama ya maji kwenye kuta za jirani na kwenye karavati. Mstari wa tope uliokauka kimo cha goti hausemi uongo.

Umefanikiwa ukiwa umefika kazini kwa wakati, umerudi, na bado jioni hiyo unaitaka nyumba hiyo. Kama umekaa kitandani umechoka na kunung'unika kwa safari ya siku moja, zidisha mara 22.

## Hatua ya 4: Mtumie dalali, lakini kwa masharti

Dalali anaijua mitaa na ana funguo. Hakuna ubaya kumtumia. Lakini kubaliana naye mambo matatu kabla hajakupeleka popote: hela ya kuonyeshwa nyumba ni kiasi gani na inahusu nyumba ngapi, udalali utalipwa siku ya kusaini mkataba na kukabidhiwa funguo, si kabla, na utaonana na mwenye nyumba ana kwa ana.

Akikuambia, "Kaka, lipia hata kidogo tuishike, kuna mtu anakuja na hela saa kumi," mwache huyo mtu aje. Hela ya "kushikia nyumba" inayotolewa mkononi bila maandishi ndiyo inayopotea kuliko zote. Nyumba moja hushikiwa na watu wanne kwa wakati mmoja.

Ukiwa na muda, pita pia bila dalali. Huku nje ya jiji watu bado wanaweka kibao getini, na mwenye duka la pembeni anajua nani anahama mwezi ujao.

## Hatua ya 5: Kagua nyumba kwa mikono

### Maji

Fungua kila bomba. Likitoa maji, usiridhike. Uliza yanatoka wapi: bomba la DAWASA, kisima cha mwenye nyumba, au boza linalojaza tangi.

Kama ni DAWASA, uliza wapangaji wengine yanatoka siku zipi kwa wiki, na wakati wa kiangazi inakuwaje. Mtambo wa Ruvu Juu uko pale Mlandizi na bomba lake linafuata barabara ya Morogoro, lakini kuwa karibu na mtambo hakukulindi. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto Ruvu ulipungua na mgao ukaingia kila mahali. Kwa hiyo tangi ni lazima. Lita 1,000 kwa familia ya watu wanne wanaotumia kwa uangalifu ni kama siku tano. Tangi la lita 500 linalotumiwa na kaya tatu ni sawa na kutokuwa nalo.

Kama ni kisima, toa chupa na sabuni yako. Chota maji, onja kidogo kwenye ncha ya ulimi uteme. Kisha nawa kwa sabuni ya mche. Isipotoa povu, maji hayo ni ya chumvi: hayafui vizuri, yanaharibu koki na hita, na chai itakushinda. Utakuwa unanunua maji ya kunywa na kupikia kwa madumu, kwa hiyo rudi hatua ya kwanza uongeze gharama hiyo.

### Umeme

Swali la kwanza: mita ya LUKU ni ya kwako peke yako au mnachangia? Kuchangia kuna hasara mbili. Ya kwanza unaijua, ni ugomvi wa nani katumia pasi. Ya pili wengi hawaijui. Mteja wa nyumbani anayetumia umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, huwekwa kundi la D1 na kuuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya VAT na tozo. Akizidisha anahesabiwa bei ya juu, na kundi la kawaida la T1 ni shilingi 292 kabla ya VAT na tozo. Kaya nne kwenye mita moja haziwezi kubaki chini ya uniti 75. Kila mmoja wenu anatumia kidogo, ila wote mnalipa kama watumiaji wakubwa.

Sasa jaribu. Piga picha namba ya mita, nunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu yako, uingize namba za tokeni mbele ya mwenye nyumba. Kwenye T1 utapata kama uniti 14, kwenye D1 kama 40. Zikija pungufu sana, soma ujumbe wenyewe: utaona makato. Sehemu yake inaweza kuwa kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Inakatwa kwako kwa sababu wewe ndiye unayenunua umeme, kwa hiyo kubalianeni kama itapunguzwa kwenye pango, na muiandike. Kama kilichokatwa, ukiacha VAT na tozo, ni zaidi ya hapo, huenda kuna deni la nyuma. Deni hilo lilipwe na aliyeliacha, kabla hujahamia.

Chomeka chaja kwenye kila soketi. Weka taa yako ya LED kwenye kila holda. Ni dakika kumi tu.

### Choo, paa na majirani

Uliza karo lilinyonywa lini na nani analipia gari la majitaka. Zunguka nyuma ya nyumba uone mfuniko wake. Ardhi ikiwa imelowa kuzunguka mfuniko huo wakati wa kiangazi, masika itakuja chooni kwako. Kisha tazama dari: madoa ya kahawia ya mviringo ni paa linalovuja, hata kama ukuta umepakwa rangi jana. Rangi mpya upande mmoja tu wa chumba inaficha unyevu, weka kiganja uusikie.

Piga simu ukiwa chumba cha ndani kabisa. Angalia kama nyavu za madirisha ni nzima, maana mbu wa huku kwenye majani na madimbwi si sawa na wa mjini. Kisha salimia mpangaji wa chumba cha jirani na umwulize swali moja tu: "Aliyekuwa anakaa hapa kahamia wapi, na kwa nini?"

Umefanikiwa ukiwa na orodha ya kasoro kwenye daftari, na mwenye nyumba amekuambia ipi atarekebisha na lini.

## Hatua ya 6: Nenda serikali ya mtaa kabla ya kulipa, siyo baada

Watu huenda ofisi ya mtaa kugongewa muhuri baada ya hela kutoka. Geuza. Nenda kwanza ukaulize. Sehemu za vijijini, kama Kisarawe ya ndani au Mkuranga, hakuna mtaa, kuna kijiji na kitongoji. Mtafute mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji.

Miaka miwili iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu. Nyumba ilikuwa safi, mwenye nyumba mpole, hati ya mauziano ipo mezani. Tukapita ofisini. Mwenyekiti, mzee wa makamo, akatusikiliza hadi mwisho, akafungua daftari lake kubwa la kaunta akatafuta kwa kidole, kisha akalifunga taratibu. "Wanangu, nyumba hiyo ni ya marehemu. Watoto wako kwenye mirathi, na huyu aliyewaonyesha si msimamizi. Mkimpa kodi, wenzake watakuja kudai nyingine." Tulikuwa na milioni moja na laki mbili kwenye simu. Tulimshukuru tukatoka, na mdogo wangu akakaa kwenye ngazi za ile ofisi muda mrefu bila kusema kitu.

Uliza mambo manne: nyumba ni ya nani, kuna mgogoro wa mirathi, ndoa au mpaka, ipo kwenye eneo la hifadhi ya barabara, reli au bonde, na kwa mwezi mnachangia nini, yaani ulinzi na taka. Ukiona alama ya X nyekundu ukutani, yaani nyumba imewekewa alama ya kubomolewa, usijadiliane na mtu. Ondoka.

Anayepangisha akiwa si mwenye nyumba, bali ndugu au msimamizi, mdai barua ya kuruhusiwa iliyoandikwa na mwenye nyumba, na umpigie huyo mwenyewe simu mbele ya mwenyekiti.

## Hatua ya 7: Mkataba wenye meno

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Ndiyo maana mwenye nyumba anaweza kudai miezi sita au mwaka, na ndiyo maana ulinzi wako mkubwa ni kile mlichoandika. Usisaini fomu ya dukani yenye mistari mitupu. Hakikisha yafuatayo yamo:

- Majina matatu ya pande zote, namba za NIDA, namba za simu.
- Nyumba yenyewe: mtaa, namba ya nyumba kama ipo, vyumba vingapi, namba ya mita ya LUKU.
- Kodi kwa mwezi kwa tarakimu na kwa maneno, miezi iliyolipwa, tarehe ya kuanza na ya kuisha.
- Kodi haitapanda ndani ya kipindi kilicholipwa.
- Notisi: miezi miwili kwa pande zote, kwa maandishi.
- Mwenye nyumba akivunja mkataba au akiuza nyumba, kodi ya miezi iliyobaki inarudishwa ndani ya siku 14. Hiki ndicho kifungu ambacho wanaoniandikia hawana.
- Nani anatengeneza nini. Paa, karo, mfumo wa umeme na maji ni vya mwenye nyumba. Taa, koki na vitasa ni vyako.
- Maji na umeme vinalipwaje, na kodi ya jengo ni ya nani.

Kuhusu miezi, omba mitatu kabla ya kukubali sita. Huku nje nyumba hukaa wazi muda mrefu kuliko mjini, na mwenye nyumba anajua hilo. Mwambie kwa heshima: "Mzee, nikilipa mitatu mitatu nitakulipa kwa uhakika, nikilipa sita leo, nitachelewa mwezi wa saba." Wengi hukubali minne.

Mkataba usainiwe mbele ya mashahidi wa pande zote na ugongwe muhuri wa ofisi ya mtaa. Nakala tatu: yako, yake, ya ofisi. Kuna pia ushuru wa stempu unaolipwa TRA, asilimia 1 ya kodi ya pango. Ni hela ndogo, na mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe na faini yake.

## Hatua ya 8: Lipa kwa njia yenye kumbukumbu

Lipa kwa benki au kwa simu, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Jina likija tofauti kwenye skrini, simama hapo hapo. "Hiyo ni ya mke wangu" haitoshi. Mke aje asaini na yeye, au atoe namba yake mwenyewe.

Akisisitiza taslimu, mhesabie ofisini mbele ya mashahidi, na aandike risiti ya mkono: nimepokea kiasi fulani, kodi ya miezi fulani, tarehe, saini. Dalali mlipe baada ya funguo kuwa mkononi mwako na umejaribu kila moja mlangoni.

## Hatua ya 9: Siku ya kuhamia na wiki ya kwanza

Kabla kirikuu haijashusha kitu, piga video ya kila chumba kikiwa kitupu, ukitaja tarehe kwa sauti. Onyesha nyufa, vioo, sinki, mita ya umeme na ya maji. Itume kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa WhatsApp ukiandika: "Hivi ndivyo nilivyoikuta." Siku ya kuondoka video hiyo itamaliza ubishi wa nani kavunja kioo.

Badilisha silinda ya kitasa cha mlango wa nje. Funguo za zamani anazo dalali, fundi na mpangaji aliyepita.

Peleka barua yako ya utambulisho ofisi ya mtaa uandikishwe, na ujitambulishe kwa mjumbe. Huku watu wanajuana. Siku mtoto akiugua saa nane usiku, mjumbe ndiye anayejua nani ana gari na yupo macho. Chukua namba za boda wawili wa kijiwe, si mmoja, na mkubaliane bei ya kila siku; mteja wa kudumu hupunguziwa.

Kisha weka daftari lako la safari kwa mwezi mmoja: saa ya kutoka, saa ya kufika, nauli. Mwisho wa mwezi linganisha na hesabu ya hatua ya kwanza. Tofauti ya elfu kumi, kumi na tano ni ya kawaida. Ikiwa imezidi hapo, tafuta kipande kinachokula hela, na mara nyingi utakikuta ni kile kati ya lami na geti lako. Baiskeli ya mtumba imewarudishia wasomaji wangu kadhaa hela yake ndani ya miezi miwili.

## Hatua ya 10: Kodi ya pili inaanza mwezi wa nne

Usisubiri mwezi wa sita uishe. Mwezi wa nne, mwandikie mwenye nyumba ujumbe mfupi: "Shikamoo mzee. Mkataba wetu unaisha tarehe fulani. Naomba kujua kama kodi itabaki ile ile, na lile paa la jikoni litarekebishwa lini." Akijibu kwa simu, mjibu wewe kwa maandishi ukirudia mlichokubaliana.

Akipandisha kodi kupita kiwango chako, una miezi miwili ya kutafuta bila presha, ukiwa tayari unaijua njia, unawajua boda, na mama wa vitumbua anajua nani anahama.